Vishikwambi 20 kwa watoto 52: vitolewe lini, vikae kabatini lini

Swali:

Assalam aleikum Maalim. Mimi ni mwalimu wa Gredi ya 5 katika shule ya msingi hapa kisiwani Lamu, darasa langu lina watoto 52. Vijana wetu walio ng'ambo wametuletea vishikwambi 20, projekta moja na spika. Mwalimu mkuu ataka vitumike kila kipindi, maana wageni watakuja kuona. Wazazi wamegawanyika: wengine wasema watoto watacheza gemu tu, wengine wauliza mbona wanao hawajajua kompyuta bado. Stima hukatika, intaneti ni ya simu yangu, na nikimaliza kugawa vishikwambi nusu ya kipindi imekwenda. Nivitumieje ili watoto wasome kweli? Na hii akili unde, niwaruhusu? Tena wafadhili wataka picha za watoto wakivitumia.

Jibu:

Waaleikum salaam, mwalimu mwenzangu.

Nianze na hilo agizo la kila kipindi, maana usipolizuia mapema litakuharibia mengine yote. Kipindi cha Gredi ya 5 ni dakika 35. Kugawa vishikwambi, kuviwasha, kungoja kile kilichogoma, kisha kuvikusanya na kuvihesabu hula dakika 10 kwa darasa lililozoea, na lako bado halijazoea. Muombe mwalimu mkuu akupe vipindi viwili vilivyofuatana, mara mbili kwa wiki, basi. Siku nyingine tumia projekta ikiwa somo laitaka, na siku nyingi tumia chaki. Mgeni akifika siku ya chaki, na aone chaki.

Mwalimu mkuu atataka sababu, na sababu zipo. Peru iligawa kompyuta ndogo za mradi wa One Laptop per Child katika shule za vijijini. Tathmini iliyofanywa katika shule 319 ikatolewa mwaka 2012: watoto walikuwa wamezoea kompyuta, lakini alama za hisabati na lugha zilibaki pale pale. Mwaka 2015 OECD, shirika la nchi zilizoendelea kiuchumi, lilitazama matokeo ya PISA, mtihani wa kimataifa wa wanafunzi wa miaka 15, na kukuta kwamba nchi zilizomwaga fedha nyingi kwenye kompyuta za shule hazikupata maendeleo ya maana katika kusoma, hisabati wala sayansi. Na sisi hatuna haja ya kwenda mbali. Ahadi ya kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza ilitolewa mwaka 2013, vishikwambi vikaanza kufika shuleni 2016, na kama umefundisha miaka mingi huenda umeviona vya awamu ile vikilala kabatini, vioo vimepasuka na chaja hazijulikani ziliko.

Utafiti ninaoupenda zaidi ni wa Kisumu, umechapishwa 2016, katika mradi wa kuwafundisha watoto wadogo kusoma. Shule ziligawanywa: mahali pengine kifaa alipewa mtoto, pengine mwalimu, pengine yule afisa anayezunguka madarasani kumwelekeza mwalimu. Makundi yote matatu yalipanda, na hakuna lililoyaacha mengine mbali. Ila ukihesabu shilingi, kilicholipa zaidi ni kifaa cha yule afisa, kwa sababu kimoja kinasaidia shule nyingi. Msomee mwalimu mkuu hilo, kisha umwambie kwamba hicho kilichoko mfukoni mwako, yaani simu yako, kinaweza kufanya kazi kubwa kuliko sanduku zima la wafadhili. Botswana walilijaribu hilo shule zilipofungwa wakati wa Korona. Mzazi alipigiwa simu ya dakika kama 20 kila wiki, akapelekewa na ujumbe mfupi wenye maswali ya hesabu, na watoto wakapanda. Waliopelekewa ujumbe mtupu hawakupata faida ya kutajika. Una mtoto aliyekwenda Kizingitini kwa msiba akakaa wiki mbili? Mpigie.

Sasa tuje pale vishikwambi vinapofaa kweli. Mjini Delhi, India, watoto wa familia maskini walifundishwa baada ya shule kwa programu iitwayo Mindspark, kwa miezi minne na nusu. Waliobahatika kuingia kwa kura waliwapita mbali wenzao katika hisabati na Kihindi. Vifaa vyao havikuwa vya ajabu. Programu ilianza kwa kumpima kila mtoto, ikagundua kwamba wengi wako nyuma ya darasa lao kwa miaka kadhaa, na ikampa kila mmoja maswali ya pale alipo yeye, ikimrekebisha papo hapo.

Kazi hiyo wewe na mimi tumeiona ikifanywa bila stima. Chuoni, yaani madrasa, mtoto hukaa mbele ya maalim na juzuu yake, akasoma alipofika yeye, si alipofika jirani. Akikosea hurudishwa hapo hapo, na hapewi aya mpya mpaka ile ya jana isimame. Shuleni twafanya kinyume: watoto 52 na ukurasa mmoja, aliyeelewa na asiyeelewa wote wafungue ukurasa wa 47. Kwa hiyo kipimo changu cha kifaa chochote ni hiki: kinaweza kumsikiliza mtoto mmoja mmoja, hata kwa dakika 20, wakati mimi namsikiliza mwingine? Kikiweza, nakitoa kabatini. Kisipoweza, kisinisumbue.

Anza na karatasi. Andika maswali kama 12 ya hesabu, matatu ya kila gredi kuanzia ya 2 hadi ya 5, uwape watoto siku moja asubuhi bila kuwaambia ni mtihani. Usishangae ukikuta kuna wanaokwama kwenye kutoa kwa kukopa. Wagawe makundi matatu kwa kiwango, wala usiyaite kundi la kwanza na la mwisho. Yaite kwa majina ya visiwa au samaki. Hapo utaona kwamba vishikwambi 20 vyakutosha kabisa, maana 52 ukigawa kwa tatu ni 17 au 18. Katika vile vipindi viwili vyenye dakika 70, kundi moja liko kwenye vishikwambi, kila mtoto na chake. La pili lina karatasi. La tatu limekaa jamvini nawe. Baada ya dakika 20 wanabadilishana. Hao wa jamvini ndio kipindi chenyewe. Vishikwambi vimekununulia nafasi ya kuwasikiliza watoto 17 badala ya 52, na hiyo ndiyo faida yake kubwa.

Programu ninayokupendekezea ni Kolibri. Ni ya bure, ya shirika la Learning Equality, na imetengenezwa kwa ajili ya mahali pasipo intaneti. Unaipakua mara moja pale penye mtandao mzuri, unaiweka kwenye kompyuta moja ya shule, na vishikwambi vinaisoma kwa waifai ya hapo darasani bila bando. Ndani yake mna masomo ya Khan Academy, na mengine yapo kwa Kiswahili. Tena humwonyesha mwalimu nani amekwama kwenye swali lipi. Ukurasa huo uusome kila siku ya vishikwambi kabla hujaenda nyumbani. Usipousoma, watoto watakuwa wamebonyeza tu. Kwa kusoma hadithi, chukua African Storybook, nayo ni ya bure, ina vitabu vingi vya Kiswahili, na vyaweza kuchapishwa kwa karatasi stima ikigoma.

Kwa sera yetu, kuanzia Gredi ya 4 lugha ya kufundishia ni Kiingereza, na sauti za programu nyingi ni za Kimarekani. Mtoto wa Mkomani anaweza kukosa swali la hesabu analolijua kwa sababu hakuisikia sauti. Waache wajadiliane kwa Kiswahili chao, cha Lamu hasa, kisha waandike jibu kwa Kiingereza. Na uchuje yaliyomo. Kuna masomo ya usalama barabarani yanayomfundisha mtoto kungoja taa nyekundu. Kwetu hatari ni punda mwenye mzigo wa mawe katika kichochoro, na siku hizi bodaboda, na hakuna taa kwa yeyote kati yao.

Hayo ni mazoezi. Somo la kufikiri lataka mpango mwingine: watoto watatu kwa kishikwambi kimoja, ambayo kwako ni makundi 17 (moja lao la wanne) na vishikwambi vitatu vya akiba, au kifaa kimoja tu kwa darasa zima. Nikupe mfano unaoweza kuufundisha wiki ijayo ndani ya hisabati, kwenye saa na grafu.

Ngoja siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu. Andika ubaoni: "Leo saa nne asubuhi, ngazi ngapi za gati ziko nje ya maji?" Kila mtoto aandike namba na sababu yake. Usitoe kifaa chochote. Mtoto wa nahodha atakwambia maji yamekauka, na atakwambia babake ametia nanga wapi; mwache aeleze mbele ya wenzake, hana haja ya picha kujua hilo. Kisha mtu mzima mmoja na watoto wanne waende gatini na kishikwambi kimoja, wapige picha ya ngazi zile zile kutoka mahali pale pale, saa nne kamili. Wataona vipandio vya chini vilivyojaa chaza na ule mwani wa kijani unaoteleza, vitu ambavyo siku nyingine havionekani. Wasishuke, wapige picha wakiwa juu.

Baada ya siku saba, maji mafu yakifika, yaani yale yanayojaa na kupwa kidogo, wapige tena picha ile ile, saa nne ile ile. Kabla hujaionyesha, waulize watarajie nini. Wengi watasema itakuwa sawa, maana ni saa ile ile. Sasa washa projekta, weka picha mbili ubavu kwa ubavu, unyamaze. Katika ya pili vile vipandio vya chaza havipo, maji yako juu, karibu na kujaa. Watabishana, na ubishi huo uuache uende.

Kisha projekta zima. Wape jambo moja tu: kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50. Wapige hesabu kwa kalamu. Dakika 50 mara saba ni 350, nazo ni saa sita kasoro dakika kumi. Na baina ya kupwa na kujaa mna saa sita na kidogo. Basi yaliyokauka saa nne wiki iliyopita, wiki hii saa nne yamejaa. Nimewaona watoto wakiipata hesabu hii huku wakipiga meza. Swali la pili ni gumu zaidi, nalo liwabakie usiku: mbona wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka kwa mita 3 hivi, na wakati wa maji mafu hayafiki hata nusu ya hapo? Kesho yake waonyeshe, kwa projekta tena, picha zinazokwenda za jua, mwezi na dunia: mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, vyote vitatu viko kwenye mstari na mvutano wa jua huongeza ule wa mwezi, mwezi ukiwa nusu, jua huvuta upande mwingine na kupunguza. Dakika tatu zatosha.

Angalia kifaa kilifanya nini hapo. Kilishika maji ya wiki iliyopita yasiondoke, ili yawekwe kando ya maji ya leo. Chaki haiwezi hilo. Kubahatisha, kubishana na kuhesabu vilifanywa na vichwa vya watoto, na picha zilikuja baada ya wao kukisia, si kabla. Ukianza na ile ya mwezi na jua siku ya kwanza, watakaa kimya, wataipenda, na kesho hutawakuta nayo.

Wazazi wanaoulizia kompyuta, waambie ujuzi wa kidijitali ni mmoja kati ya umilisi saba wa mtaala wetu, na watoto watajifunza kwa kuipa picha jina na tarehe, kuihifadhi, kuitafuta, na kutia namba zao kwenye jedwali. Wanaoogopa gemu, waambie vishikwambi havina laini wala intaneti, na hakikisha ni kweli. Kwa Kiswahili, tumia kirekodi cha sauti: fundi wa majahazi wa Matondoni aeleze kwa dakika tatu jinsi anavyochagua mti, watoto wasikilize mara mbili kisha waandike.

Utunzaji, kwa ufupi. Hewa ya Lamu ina chumvi, nayo hula matundu ya chaja. Sanduku liwe la kufunga vizuri, na waya ukiota kutu utupwe. Usiviweke chumba chenye bati tupu juu, joto huua betri. Likizo ikija viache na chaji ya nusu, si tupu wala si tele. Chaji siku stima ipo, usingoje asubuhi ya kipindi. Na kila somo la kifaa liwe na somo la chaki nyuma yake kwenye daftari lako.

Akili unde kwa watoto wa Gredi ya 5: hapana. Wako wana miaka 10 au 11. Masharti ya ChatGPT yenyewe yanataka miaka 13, na mwongozo wa UNESCO wa 2023 unapendekeza umri huo uwe wa chini kabisa darasani. Hata bila umri ningekataa. Uturuki, watafiti walijaribu na wanafunzi karibu elfu moja wa sekondari katika hisabati. Waliopewa akili unde ya GPT-4 ya kawaida walifanya mazoezi vizuri zaidi kwa asilimia 48. Ilipoondolewa, kwenye mtihani wakawa chini ya wale ambao hawakuipata kabisa, kwa asilimia 17. Kundi jingine lilipewa iliyopangwa kutoa vidokezo badala ya majibu, na hasara hiyo karibu yote ikaondoka. Mtoto anayepewa jibu hajashughulisha kichwa chake, na mtihani haumpi wa kumjibia.

Wewe mwenyewe itumie, kwa tahadhari. Iambie ikutungie maswali manane ya saa na dakika, na katika majibu ya kuchagua iweke lile kosa wanalolifanya watoto wako, mathalani 9.50 ukiongeza dakika 50 wakaandika 10.00, kana kwamba saa ina dakika 100. Kisha yafanye yote kwa kalamu kabla ya kuyatoa. Kabla ya hapo iulize maji yatajaa saa ngapi keshokutwa Lamu, ulinganishe na jedwali la maji. Inapokosea hutumia sauti ile ile ya uhakika, na ni vizuri ulione hilo kwa jambo unalolijua. Majina ya watoto na alama zao usiyatie humo.

Kuhusu picha, wafadhili ni watu wema lakini sheria ni sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kwa data ya mtoto, na picha ni data. Mwaka 2023 shule moja nchini ilitozwa shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini. Wapelekee picha za kazi: zile ngazi mbili za gati, grafu ya mtoto bila jina, mikono juu ya kishikwambi. Wakitaka nyuso, tayarisha fomu ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili, iseme picha gani, itawekwa wapi na kwa muda gani, na kwamba mzazi akikataa mwanawe hatatengwa na somo. Asiyesoma asomewe mbele ya mtu wake. Fomu hizo zikae kwa mwalimu mkuu, na mtoto ambaye fomu yake haijarudi asimame nyuma ya kamera, yeye ndiye awapige wenzake.